Siku Wajumbe Waliposimamisha Saa

Wanafunzi wake walimwita Ushuru. Ungeuliza pale chuoni aliko mhadhiri wa uchumi wa kimataifa na uhusiano wa kibiashara, watu wangekukodolea macho. Lakini ukisema Ushuru, hata mlinzi wa getini alikuonyesha dirisha lake kwa kidole. Mimi nilimwita Shemeji, kwa kuwa alimwoa dada yangu, dada yangu wa pekee, na miaka yote hiyo tuliishi kwa kutaniana na kununiana. Nasema mapema kwamba sitamsimulia kwa upole. Nilimpenda sana yule mtu, na kuna siku moja nilitamani kumzaba kofi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake lilichomekwa upande mmoja tu, upande wa pili likining'inia. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, karibu na mashine ya fotokopi ambayo kila mtu aliitukana. Ndani kulikuwa na ramani ya dunia iliyochorwa njia za meli kwa kalamu nyekundu, na insha za wanafunzi zimelala kila mahali. Mgeni akiingia aliambiwa, "Karibu, ondoa tu hizo karatasi ukae," na akishaziondoa hakuwa na pa kuziweka, basi anakaa nazo mapajani mpaka anaondoka. Nimekaa nazo mara nyingi.

Somo alilolipenda kuliko yote lilianza na nchi mbili, A na B. Nchi A inafuma nguo vizuri kuliko B, na inalima ngano vizuri kuliko B. B haina inachoweza kumzidi mwenzake. Je, B iende sokoni kufanya nini? Hapo anajikuna shingo kwa furaha. Kisha anawachorea jedwali ubaoni bila kutazama karatasi yoyote, na kuwaonyesha kwamba hata aliyeachwa nyuma kwa kila kitu kuna kitu ambacho hakuachwa mbali sana, na akikishika hicho, wote wawili watanufaika. Alikiita faida linganishi. Mara moja niliingia darasani kwake nikiwa nimempelekea koti, nikakaa nyuma kusubiri, na naapa nilielewa.

Nyumbani alitumia nadharia hiyohiyo kujitetea. Dada yangu alimzidi kwa kupika, na alimzidi kwa kuosha vyombo. Ila kwenye vyombo hakumzidi sana. Kwa hiyo Shemeji akajipa kazi ya vyombo maisha yake yote, na alikuwa anaosha huku anahutubia.

"Mwalimu," dada yangu alikuwa anamwambia, maana yeye alimwita hivyo, kama wanafunzi walivyomwita usoni, "mbona nadharia yako imeacha mafuta kwenye sufuria?"

"Hiyo ni gharama ya mpito," anajibu.

Hawakujaliwa watoto. Walishalia kwa hilo zamani, wakamaliza, na dada akawa anawaita wanafunzi "wanao". Wanao wamepiga simu. Wanao wamekuja kuchukua alama zao, na umeacha ofisi imefungwa. Dada alikuwa mkunga mstaafu, mtu wa vitendo, na sauti yake haikupanda hata alipokasirika. Sauti ya kupanda nilipewa mimi.

Mimi ni mwanamke fundi cherehani. Duka langu liko njia panda, na Shemeji alipenda kupita jioni akitoka kazini, anakaa kwenye benchi langu na kunichokoza kuhusu mitumba. Nilimwambia wazi kwamba yeye na wenzake ndio walioniua, kwa kuufungua mpaka wa nchi, nguo za watu zikaingia kwa marobota. Angetaka, angewaambia serikalini wapandishe ushuru, na mimi ningekuwa na mafundi kumi.

"Sawa," anasema, "na kitambaa unachoshonea kinatoka wapi?"

"Nje."

"Na wao wakikasirika, wakakuuzia kitambaa hicho kwa bei mara mbili?"

"Toka dukani kwangu."

Alikuwa anacheka hadi anakohoa. Halafu anakiri, kwa sauti ya chini, kwamba mafundi wengi kweli walipoteza kazi, na kwamba vitabu vinasema mtu huyo atahamia kazi nyingine lakini havisemi atahamia lini, wala atakula nini njiani. Kwa hilo nilimheshimu.

Kasoro yake ilikuwa moja, na haikuwa siri. Akiingia darasani, kila kilicho nje kilifutika. Dada alishamsubiri kwenye harusi, kwenye kituo cha basi, kwenye sherehe ya kustaafu kwa dada mwenyewe. Shemeji alikuja kila mara, akiwa na maelezo mazuri, wakati watu wanakunja viti. Dada alimsamehe kwa sababu ndivyo alivyo. Mimi sikumsamehe hata mara moja, nilikuwa nanyamaza tu kwa ajili ya dada.

Sasa nieleze jambo la saa, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walifanya mazungumzo ya biashara ya kuigiza. Siku nzima. Kila kundi ni nchi, na kibendera chake cha karatasi mezani: nchi yenye bandari, nchi isiyo na bahari, nchi tajiri inayolinda wakulima wake, nchi yenye pamba na kitu kingine hakuna. Wanatakiwa watie saini mkataba mmoja kabla ya saa kumi alasiri. Wasipokubaliana, wote wanapata sifuri. Mwanafunzi mmoja ni mwenyekiti. Simu zote na saa zote za mkononi zinazimwa sauti na kuwekwa kwenye boksi mlangoni, na za Shemeji pia, kwa sababu alisema mwenye saa yake peke yake atawayumbisha wengine. Inabaki ile ya ukutani, saa ya bei rahisi isiyo na mshale wa sekunde. Yeye anakaa pembeni na kadi kifuani iliyoandikwa MWANGALIZI, haruhusiwi kusema neno juu ya mkataba.

Na aliwasimulia kwamba katika mazungumzo ya kweli, ya wakubwa, muda ukikaribia kwisha na watu hawajaelewana, wajumbe hukubaliana kusimamisha saa ya ukutani. Wanaendelea kubishana mpaka wachoke, na kwenye karatasi inaonekana wamemaliza kwa wakati. Wanafunzi walilipenda jambo hilo. Wakaomba nao waruhusiwe, akawaruhusu: nchi zote zikipiga kura na kukubali, mwenyekiti anapanda kwenye kiti na kutoa betri. Ikawa desturi. Waliomaliza masomo zamani walikuwa wakikutana mjini, jambo la kwanza wanaulizana, "Ninyi mlisimamisha saa ngapi?"

Dada alipatikana na uvimbe tumboni. Upasuaji uliahirishwa na kuahirishwa, mara hakuna chumba, mara daktari amesafiri, na ulipopangwa mwishowe ukaangukia siku ileile ya mazungumzo. Alipangiwa saa kumi alasiri. Shemeji akasema atafuta mazungumzo. Nilikuwepo, nilimsikia, na sitamnyima haki yake: alisema hivyo kwa moyo wote.

Dada alikataa. "Wanao wamejiandaa mwezi mzima. Nenda. Saa tisa uondoke, uje unishike mkono kabla sijaingia."

Yeye mwenyewe aliyeshika mikono ya wanawake wengi leba, aliogopa kitu kimoja tu: kulazwa usingizi wa dawa. Aliniambia haogopi kisu. Anaogopa kufumba macho hajamwona Mwalimu.

"Nitakuwa hapo," Shemeji akasema. "Saa tisa natoka, hata wakitwangana ngumi."

Siku yenyewe nilifunga duka nikakaa na dada hospitalini tangu asubuhi. Wodi ilikuwa na vitanda vilivyobanana na dirisha lisilofunga vizuri. Alikuwa mchangamfu, akimweleza nesi mdogo namna bora ya kutandika shuka bila kuumia mgongo. Baada ya chakula cha mchana cha wengine, maana yeye hakuruhusiwa kula, walimvalisha gauni la kijani la kufungwa mgongoni. Pete ikagoma kutoka. Tukaivua kwa sabuni, akanivisha mimi.

"Mwalimu hajafika?" akauliza.

"Bado ni mapema," nikasema.

Saa tisa ikapita. Nikampigia. Simu iliita mpaka ikakata, nikapiga tena na tena. Nilijua iko kwenye boksi, na nilijua pia kwamba angetoka angeichukua. Damu ilianza kunichemka. Dada akaniona ninavyobonyeza simu, akageuza uso dirishani.

Walikuja kumchukua. Nikatembea kando ya kitanda cha magurudumu, mkono wangu kwenye bega lake. Katikati ya korido akainua kichwa kutazama kule ngazi zinakoishia, akauliza tena. Nikasema yuko njiani. Nilisema uongo, na alijua, kwa sababu tangu utotoni alikuwa anaujua uongo wangu kabla sijaumaliza. Mlangoni, pale ndugu wanapoambiwa waishie, akaomba wasimame kidogo. Yule nesi akasema sawa. Dada akatazama nyuma yangu.

"Bado hajaja?"

Nikatikisa kichwa. Sikuwa na uongo mwingine.

Akanivuta karibu. "Sikiliza. Akija, usimwambie nimemuulizia. Unamjua. Ataacha kula, atajimaliza. Mwambie nilikuwa nimetulia."

"Utamwambia mwenyewe ukitoka."

"Niahidi."

Nikaahidi. Mlango ukafungwa.

Alifika wakati jua linaelekea kuzama. Nilimsikia kabla sijamwona, viatu vyake vikipiga sakafu ya korido kwa kukimbia, mzee mzima. Ile kadi ya MWANGALIZI ilikuwa bado kifuani. Alisimama mbele yangu, anahema, anatazama mlango.

"Ameshaingia?"

"Ameshaingia zamani."

Alishika ukuta. Aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo mno, "Aliniulizia?"

Nilikuwa nimejaa hasira mpaka kwenye meno. Nilikuwa na jibu lenye uwezo wa kumkata vipande viwili, na lilikuwa la kweli. Lakini niliahidi.

"Hapana," nikasema. "Hakuuliza. Alikuwa ametulia."

Akakaa kwenye benchi. Tukakaa pamoja, mimi nikizungusha pete ya dada kidoleni, yeye akitazama viganja vyake. Daktari alipotoka, alitoka bila haraka, na ameshavua kofia. Nikajua. Damu ilikataa kusimama, akasema. Walijitahidi. Shemeji aliitikia, "Asante, daktari, asante," kana kwamba amepewa kitu, na mimi nikapiga ukelele uliowatoa watu wodini.

Sikumsemesha siku zote za msiba. Nyumba ilijaa watu, wanafunzi wake wa zamani walikuja kutoka miji ya mbali, wengine sasa wakubwa wa forodha na mabenki, wakapanga viti, wakabeba maji. Nilimwona anapokea pole na nikawaza: hata leo ungechelewa kama mazishi yangeangukia saa ya kipindi chako. Niliwaza hivyo, sitaki kujipamba.

Tulipokwisha kumzika akaja msichana mmoja jikoni, macho yamevimba. Akanisalimu kwa adabu, shikamoo mama, akabaki amesimama. Alisema yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Akanieleza. Kabla ya saa nane, rasimu ya mkataba ilikuwa imechafuka kwa masahihisho, na Mwalimu akatoka kwenda kuitoa nakala mpya. Mashine ya fotokopi ikameza karatasi, kama kawaida yake, akakawia. Huku ndani nchi yenye pamba ikaanza kuwasha moto, nchi tajiri ikatishia kutoka, na wote wakaona hata saa mbili zilizobaki hazitawatosha. Mtu akasema tusimamishe saa. Wakapiga kura. Yeye msichana akapanda kwenye kiti akatoa betri. Mwalimu aliporudi na nakala zake walikuwa wameshaanza kupigiana kelele, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya picha walizokuwa wakizionyesha ukutani kwa projekta. Kila aliyekuwa mle alidhani mwenzake amesema.

"Alikuwa anaitazama ile saa kila mara, mama," akasema. "Sisi tulidhani anafurahi tumeisimamisha. Kuna wakati nilimpelekea karatasi, akaniambia, bado tuna muda. Nikacheka. Nilidhani ananitania."

"Halafu?"

"Halafu akainuka ghafla. Akaenda mpaka chini ya saa, akasimama pale anaitazama. Akageuka, akaona betri mezani kwangu. Akauliza, nani ametoa? Nikasema tulipiga kura, Mwalimu, ulipokuwa kwenye fotokopi. Alikwenda kwenye boksi akaanza kuitafuta simu yake, zilikuwa nyingi, akazimwaga zote chini."

Msichana akashindwa kuendelea. Nikamshika, akalia begani kwangu, na hasira niliyokuwa nimeibeba ikakosa mahali pa kukaa. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa amesahau tu. Yule mtu alikuwa akiitazama saa kwa ajili ya dada yangu alasiri nzima.

Baadaye nilisikia kwamba alimpa yule msichana alama zake zote. Wahadhiri wenzake walimuuliza, akasema, "Kura ilipigwa. Utaratibu ulifuatwa." Muhula mpya ulipofunguliwa alirudi kufundisha, Nchi A na Nchi B, jedwali ubaoni. Nilianza tena kumkaribisha dukani. Alikuwa anakaa kwenye benchi na tunaongea habari za mvua. Nilimchokoza kuhusu mitumba, nikitegemea anirudishie.

"Una haki, Fundi," akasema. Basi.

Suruali zake nilizipunguza kiuno, na kabla hata uzi haujachakaa nikazipunguza tena. Dada alinifunga mdomo ili mumewe asiache kula, na huyo hapo alikuwa anayeyuka mbele ya cherehani yangu. Nilimpelekea chakula, nikakikuta kesho yake mezani kimefunikwa vilevile. Nikamgombeza. Akaniomba radhi kwa upole ulionitia hofu.

Jumamosi moja asubuhi aliniomba nikamsaidie kupanga nguo za dada, ziende kwa watu watakaozivaa. Nilikuta kabati liko wazi na yeye amekaa ukingoni mwa kitanda, anakunja gauni la bluu vibaya. Nikalichukua, nikalikunja upya. Akachukua jingine.

"Shemeji," akasema, "nimekaa na lile jambo mpaka nimelielewa. Hakuniulizia. Mtu anaingia mahali anapopaogopa kuliko pote duniani, na hamuulizii mumewe."

Nikaendelea kukunja.

"Maana yake alikuwa ameshajua. Si siku ile tu. Alishaacha kunitegemea miaka mingi, na mimi sikuwa na habari. Nilidhani ananisamehe. Kumbe alikuwa ameacha kunisubiri." Alilisema bila machozi, taratibu, kwa ile sauti yake ya ubaoni, hatua baada ya hatua mpaka kwenye jibu. "Na alikuwa na haki. Sina neno."

Nililitazama lile gauni mikononi mwangu. Nikamwambia dada yangu moyoni anisamehe, maana hakuona nilichokuwa nakiona.

"Aliuliza," nikasema.

Akainua uso.

"Aliuliza kitandani. Akauliza kwenye korido. Akauliza mlangoni kabisa, aliwasimamisha manesi ili akutazame kwanza kama unakuja. Akanikataza nisikwambie. Akasema utaacha kula."

Nilijiandaa kwa kila kitu, aanguke, anifukuze, anitukane. Aliliweka gauni chini polepole.

"Alisemaje?"

"Shemeji, tuache."

"Alisemaje? Niambie kama alivyosema yeye."

Nikamwambia, "Alisema, 'Bado hajaja?'"

Ndipo alipolia. Hakuwa amelia hospitalini wala kaburini, na sasa alilia kwa sauti, mabega yote mawili yakitikisika, amekumbatia nguo za mke wake. Nilikaa kando yake kwenye kitanda cha dada yangu. Alipopata pumzi akanishika mkono.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, nami nikarudia, kwa sauti ya dada yangu kadiri nilivyoweza kuiiga.